Ludlow: ngome, kanisa la mduara na mjane aliyesubiri miaka saba

Najua nimepotea. Kozi imebana, baridi imebana, na kuna jambo la nyumbani limenibana kuliko hivyo vyote viwili. Nilitaka niwaandikie kuhusu matembezi yangu ya Jumamosi tu, yale mambo ya nilienda, nikaona, nikarudi. Lakini kila nikikaa kuandika najikuta siwezi kuitenganisha safari hiyo na lile jambo la nyumbani. Basi leo nitachanganya, mtanivumilia.

Ilianza hivi. Hapa Birmingham nakaa nyumba moja na Mghana mmoja mcheshi sana. Ijumaa usiku alinitazama nikipika ugali akaniambia, "Wewe una miezi minne Uingereza, na unachojua ni darasa, maktaba na duka la kuku wa kukaanga. Ukirudi kwenu utasimulia nini?" Nikakosa jibu. Akaniambia niende Ludlow, kuna ngome ya zamani imebaki magofu, na nauli haiumizi sana kama nitakata tiketi mapema. Mimi na neno "haiumizi" ni marafiki, basi Jumamosi asubuhi nikajikuta kwenye treni.

Kutoka Birmingham unakwenda hadi Shrewsbury, pale unabadilisha treni unashuka kusini. Nje ya dirisha ni vilima na kondoo. Kondoo, halafu kondoo, halafu kondoo tena. Wales iko hapo hapo magharibi, na hiyo ndiyo sababu ya ngome zote za upande huu. Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066 na kuiteka Uingereza, Wales haikukubali kumezwa kirahisi. Kwa hiyo mabwana wa Kinormani wakapewa ardhi za mpakani, na kila mmoja akajenga ngome yake kama mtu anayeweka mlinzi getini. Ludlow ilianzishwa na familia ya de Lacy mwishoni mwa karne ya 11.

Mji wenyewe ni mdogo, watu elfu kumi hivi, na nyumba nyingi za zamani za mbao nyeusi na chokaa nyeupe ambazo zimeinama kidogo kama wazee wanaosikiliza umbea. Siku ile palikuwa na soko la wazi. Jibini, mikate, sufuria za mitumba, vitabu. Unapita katikati ya meza za wachuuzi, unanyanyua kichwa, na mwisho wa soko unakutana na lango la ngome. Nilipenda hilo. Ngome haikutengwa mbali na watu, mtu ananunua vitunguu vyake kwenye kivuli cha karne ya 11.

Mlangoni mzee aliyekuwa anauza tiketi akaniuliza natoka wapi. Tanzania, nikamwambia. Uso ukamng'aa. "Binti wa dada yangu amepanda Kilimanjaro!" Jamani, kila Mwingereza niliyekutana naye ana ndugu aliyepanda Kilimanjaro. Mimi sijaupanda. Nikacheka naye, nikachukua tiketi, nikaingia.

Ukivuka lango la kwanza unaingia kwenye uwanja mpana wa nyasi, unaweza kuchezea mechi pale na nafasi ikabaki. Kwenye kona moja ya uwanja huo kuna mabaki ya kanisa dogo la Mtakatifu Petro. Lile lilijengwa na Roger Mortimer, bwana mmoja wa mpakani ambaye maisha yake yangemtosha mtunzi wa tamthilia. Mwaka 1323 alitoroka kutoka gereza la Mnara wa London, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Petro Kifungoni, akakimbilia Ufaransa. Huko akawa mpenzi wa Malkia Isabella, mke wa mfalme aliyemfunga. Wawili hao wakarudi na jeshi mwaka 1326 na kumpindua Mfalme Edward wa Pili. Kanisa lilikuwa shukrani ya kutoroka salama. Lakini mwaka 1330 mtoto wa mfalme aliyepinduliwa akamkamata Mortimer, akanyongwa. Mwaka uliofuata, 1331, Ibn Battuta alifika Kilwa, wakati masultani wetu nao walikuwa na kasri lao la Husuni Kubwa juu ya bahari. Husuni Kubwa sijaenda. Hiyo ni aibu nyingine, nitaiandikia siku yake.

Kutoka uwanja wa nje unavuka daraja la mawe juu ya handaki kavu, unapita kando ya mnara mkubwa, ndipo unaingia uwanja wa ndani. Hapo ukimya unabadilika. Kuta zimekuzunguka pande zote, ndefu, bila paa. Unaona meko za kuotea moto zimening'inia juu ukutani, ghorofa ya pili, lakini sakafu haipo, kwa hiyo meko iko hewani kama picha ya ukutani. Madirisha hayana vioo. Kunguru wanaingia na kutoka kama wapangaji wanaolipa kodi.

Na katikati ya uwanja huo, peke yake, haijashikana na ukuta wowote, kuna kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Ni la mduara.

Nililitazama muda kabla sijaingia. Sisi tumezoea kanisa lenye umbo la sanduku: mlango nyuma, madhabahu mbele, katekista pembeni anahesabu nani kachelewa. Hili limejengwa kama msonge, ila la mawe. Ni la karne ya 12, na wajenzi walifuata mfano wa Kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu, maana ulikuwa wakati wa Vita vya Msalaba na watu wa Ulaya walikuwa na Yerusalemu kichwani. Gilbert de Lacy, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyelijenga, baadaye aliacha mali zake na kujiunga na Watemplari, wale watawa wapiganaji. Makanisa ya mduara yaliyobaki Uingereza ni machache sana. Lango lake lina tao lililochongwa mistari ya zigizaga, na ndani kuna safu ya matao madogo yaliyochongwa ukutani kuzunguka duara lote. Sehemu ya madhabahu ilibomolewa zamani, paa halipo. Ukisimama katikati unaona mawingu tu.

Sasa naomba niwape kisa chenyewe cha Ludlow, maana bila hicho hamtanielewa.

Mwaka 1501, mwezi wa Novemba, kijana aitwaye Arthur, mtoto wa kwanza wa Mfalme Henry wa Saba, alifunga ndoa London na Catherine wa Aragon, binti wa mfalme na malkia wa Hispania. Wote wawili walikuwa na miaka 15. Ilikuwa ndoa ya serikali mbili. Na kwa desturi yao mali haikutoka kwa mume, ilitoka kwa baba wa binti, mahari ya kinyume. Makubaliano yalikuwa krauni 200,000. Nusu ililipwa wakati wa harusi, nusu ikawa deni.

Arthur alikuwa na cheo cha Mwanamfalme wa Wales, kwa hiyo akaletwa na mke wake kukaa Ludlow, kujifunza kutawala mpakani. Walifika wakati wa baridi. Fikiria binti aliyekulia kwenye jua la Hispania, na Kiingereza chake bado cha kubabaisha, amewekwa kwenye ngome ya mawe juu ya mto Teme mwezi wa Januari. Nilipapasa ule ukuta kwa mkono bila glovu nikamhurumia.

Wakaugua wote wawili. Ugonjwa gani hasa, mpaka leo wanahistoria wanabishana. Catherine akapona. Arthur akafa tarehe 2 Aprili 1502, hata miezi mitano ya ndoa haijatimia. Jeneza lilipelekwa kuzikwa Worcester, na mvua ilikuwa kubwa na njia mbovu kiasi kwamba ilibidi watumie maksai kuvuta gari. Mimi mtu wa Mara nikisoma habari ya maksai wakivuta gari kwenye matope, naona picha yote.

Basi Catherine akabaki mjane, ana miaka 16, nchi ya ugeni. Na hapo ndipo kikao kilipoanza.

Henry wa Saba alikuwa mtu wa hesabu. Alishapokea nusu ya mahari. Binti akirudi kwao, Hispania itaidai. Akibaki, nusu ya pili inaweza kuja. Hispania nayo ilitaka urafiki wa Uingereza dhidi ya Ufaransa. Malkia wa Uingereza alipofariki mwaka 1503, likazuka hata wazo kwamba mfalme mwenyewe, yaani baba mkwe, amuoe binti huyo. Mama yake Catherine akalikataa kwa ukali. Mwisho wazee wakakubaliana: binti arithiwe na mdogo wa marehemu, Henry, ambaye mwaka ule wa 1503 alikuwa na miaka 12 tu.

Ndiyo. Soma tena ukitaka. Kurithi mjane. Si Musoma, si Siaya, si Sengerema. London, kwenye jumba la mfalme, kwa kibali cha Papa Julius wa Pili, kwa sababu sheria ya kanisa ilikataza mtu kuoa mke wa nduguye mpaka Papa aruhusu.

Nilisimama pale uwanjani nikacheka kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wake akanitazama kwa wasiwasi. Halafu kicheko kikaisha ghafla, kwa sababu nilikumbuka simu zangu nilizokuwa sizipokei.

Haya, sasa la nyumbani.

Kaka yangu alifariki mwaka jana kwa ajali ya pikipiki. Sijawahi kuandika hapa, na leo pia sitaandika sana. Aliacha mke na watoto wawili, kiwanja na nyumba ya vyumba vitatu mjini Musoma ambayo bado haijapigwa lipu. Shemeji yangu ni fundi cherehani. Baada ya matanga kulifanyika kikao cha ukoo kijijini, na kabla sijapanda ndege kuja huku nilikihudhuria. Viti viliwekwa kwenye duara chini ya mwembe. Baba mkubwa akasema mengi ya busara kuhusu marehemu. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mji wa kaka yako hauwezi kubaki bila mwanaume. Wewe ndiye unayemfuata."

Baba mdogo, ambaye ni katekista, akaunga mkono kwa Biblia. Kumbukumbu la Torati sura ya 25: ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila mtoto, nduguye amtwae mjane. Nilitaka kusema kwamba kaka ameacha watoto wawili, kwa hiyo hata hilo andiko halituhusu. Nilitaka kusema nina mchumba. Nilitaka kusema kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanaume anayemchagua mwenyewe.

Hayo yote nayajua vizuri. Nayajua kwa sababu, wandugu, nimewahi kuandika makala mbili gazetini kupinga kurithi wajane. Nimekaa kwenye semina hotelini, nimekula biskuti za saa nne, nimepokea posho, nimepiga picha na wadau. Makala ya pili iliitwa kali. Mhariri wangu aliisifu.

Na siku ile chini ya mwembe, kwenye duara la baba zangu, mwandishi huyu mkali alisema nini? Alisema, "Nimesikia wazee wangu. Naomba niende masomoni kwanza, nikirudi tutazungumza."

Wazee wakaridhika. Hiyo kwao ni ndiyo yenye adabu. Mimi nikajidanganya kwamba ni hapana yenye adabu.

Sasa mnielewe ubaya wake uko wapi. Ili shemeji aweze kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, asimamie nyumba na zile akiba chache za kaka, anatakiwa apeleke muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi. Baba mkubwa hajausaini. Anasema hakuna haraka, mji ukipata mwenyewe hayo yote yatanyooka. Kwa maneno mengine, karatasi inanisubiri mimi. Miezi minne nimekuwa nikiona namba za nyumbani kwenye simu, nikijiambia nitapiga nikimaliza kazi ya darasani.

Rudini nami Ludlow. Nilipanda ghorofani kwenye mabaki ya majengo yaliyo kando ya ukumbi mkuu, upande ambao inasemekana Arthur alikaa na kufia. Hakuna cha kuona, ukuta, meko, dirisha, upepo. Ukumbi wenyewe ndio ule ambao mwaka 1634 iliigizwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya Comus ya John Milton, leo nyasi ndiyo zulia. Nilijilazimisha kufikiri kuhusu Arthur, lakini mawazo yalikuwa yanamfuata mjane.

Maana kilichompata Catherine baada ya kikao si ndoa ya haraka. Ni kusubiri. Alipewa ahadi ya kuolewa, halafu mambo ya siasa yakabadilika, mama yake akafariki mwaka 1504, thamani yake sokoni ikashuka, na huyo mdogo mtu akaambiwa na baba yake aikane ile posa. Mahari iliyobaki haikuja. Henry wa Saba akabana matumizi yake, baba mtu Hispania naye akadai hilo ni jukumu la Uingereza. Katikati yao binti wa mfalme akawa anaandika barua kwa baba yake akilalamika kwamba ana madeni, hana cha kuwalipa watumishi wake, nguo zimechakaa. Miaka saba. Kuanzia 1502 hadi 1509, mzee alipokufa na kijana, sasa Mfalme Henry wa Nane, akamuoa mwezi Juni.

Na wala haikuishia hapo. Baada ya miaka karibu ishirini, bila mtoto wa kiume aliye hai, Henry akafungua Biblia ukurasa mwingine. Mambo ya Walawi sura ya 20: anayemtwaa mke wa nduguye hatapata mtoto. Waliokuwa na Mariamu wao, binti, mzima wa afya! Lakini binti hakuhesabiwa. Kwa hiyo andiko moja lilitumika kumuingiza mwanamke ndani, na andiko jingine likatumika kumtoa. Papa akakataa kuivunja ndoa. Mwaka 1533 Askofu Mkuu Cranmer akaibatilisha, na mwaka 1534 Bunge likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza.

Mimi nimebatizwa Anglikana. Bibi yangu alikuwa wa Umoja wa Akina Mama, gauni jeupe, Jumapili hakosi. Siwezi kudai kwamba kanisa lote la bibi limetokana na homa ya kijana mmoja pale Ludlow, mambo ya imani na siasa yalikuwa mengi na mapana kuliko hapo. Lakini kipande chake kimoja kimetokea pale. Wamisionari wa kanisa hilo ndio waliokuja kwetu na kutufundisha kwamba kurithi wajane ni mambo ya giza. Hawakutusimulia ya Catherine.

Catherine alikataa mpaka mwisho. Mwaka 1529 aliletwa mbele ya mahakama ya kanisa London, akapiga magoti mbele ya mumewe, akasema mbele ya wote kwamba ndoa yake na Arthur haikuwahi kukamilika na kwamba yeye ni mke halali wa Henry. Kisha akanyanyuka akatoka nje. Wakamwita arudi, hakurudi. Wakamwamuru ajiite Mjane wa Mwanamfalme, yaani mjane wa Arthur, yule kijana wa miezi mitano. Hakukubali cheo hicho mpaka alipokufa Januari 1536. Wakamzika Peterborough kwa cheo hicho hicho alichokikataa. Leo juu ya kaburi lake kuna maandishi yanayomtaja kuwa malkia, lakini hayo yaliwekwa na watu wa baadaye sana.

Nilirudi kwenye kanisa la mduara, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na pale ndani palikuwa na kinga. Nikaegemea ukuta chini ya yale matao madogo. Nikawa natazama duara. Kitu kizuri cha duara ni kwamba hakuna mbele wala nyuma, kila aliyekaa anamwona mwenzake. Nikakumbuka viti chini ya mwembe. Nikawahesabu mmoja mmoja kichwani. Baba mkubwa hapa, baba mdogo hapa, binamu zangu pale, mimi pale, jirani aliyeitwa kuwa shahidi pale.

Shemeji alikuwa wapi?

Alikuwa jikoni. Alikuwa anapika ugali wa kikao kilichokuwa kinamjadili yeye. Nakumbuka aliinama kuninawisha mikono kabla ya chakula, akaniambia "karibu shemeji", na mimi sikumtazama usoni.

Hilo ndilo lililonichoma. Mimi muda wote huu nilikuwa najifikiria kama mtu anayeonewa: wazee wananilazimisha, maskini mimi, na mchumba wangu nimemweleza nusu tu ya habari. Na kwenye makala zangu zile mbili nilimhoji wakili, nilimhoji ofisa wa shirika, nilimhoji mzee wa mila. Mjane mmoja nilimnukuu sentensi moja. Lakini shemeji yangu mwenyewe, mjane ninayemfahamu, aliyenipokea chuoni Mwanza na begi moja wakati sina pa kulala, sikuwahi kumuuliza swali fupi kuliko yote: wewe unataka nini?

Ilikuwa saa tisa alasiri, kule nyumbani saa kumi na mbili jioni. Nikampigia nikiwa mle mle ndani. Sauti yangu ilikuwa inazunguka ukutani na kunirudia, nikalazimika kunong'ona kama mtu anayeungama.

Salaam, habari za watoto, habari za baridi. Kisha nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia cherehani imesimama.

"Shemeji," akasema, "mimi nilidhani wewe umeshakubali, unasubiri kumaliza masomo tu."

Nikamwambia hapana.

"Na mimi nilikuwa nawaza nitakukataaje bila kukuvunjia heshima, maana umenisaidia sana."

Tukacheka, wandugu. Tulicheka mpaka nikaogopa salio litaisha. Halafu akalia kidogo, nami nikamwacha alie. Kisha akaniambia anachotaka, na aliongea haraka haraka kama mtu aliyekuwa nacho mdomoni siku nyingi. Anataka kubaki kwenye nyumba ile na watoto wake. Anataka kuipiga lipu. Anataka ule muhtasari usainiwe, yeye na shangazi yetu wawe wasimamizi. Kuhusu kuolewa, siku akitaka atatafuta mwenyewe, na akipata atatujulisha tumpokee mkwe. "Na ng'ombe wenu," akaongeza, "nimewazalia watoto wawili, nadhani hatudaiani."

Yule mama mwenye watoto alichungulia mlangoni akaniona nafuta macho, akawavuta watoto wake nje taratibu. Sijui alidhani nini. Labda alidhani nimeguswa na usanifu wa Kinormani.

Simu ya pili ilikuwa ngumu. Niliipigia kutoka benchi la kituo cha treni kwa sababu kule ngomeni nilikosa ujasiri. Baba mkubwa alipokea kwa furaha. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya mguu wake. Kisha nikasema, kwa heshima zote nilizofundishwa, kwamba sitamrithi shemeji, kwamba yeye mwenyewe hataki, na kwamba naomba kikao kiitwe tena, na safari hii shemeji apewe kiti.

Kimya kirefu. Treni ya kwenda Hereford ikapita upande wa pili.

"Huko Ulaya ndiko wanakowafundisha hivyo," akasema mwishoni.

Nilitaka kumwambia, hapana baba, huku nako walifanya kama sisi, na yaliwatokea puani. Lakini hiyo ni hadithi ndefu kwa simu, na yeye hakuwa ameuliza historia. Nikasema tu, "Sikufundishwa huku baba. Nilipaswa kusema siku ile, niliogopa."

Akasema atafikiri. Akasema nimsalimie Mungu nikienda kanisani. Akakata.

Sasa ni Jumatano. Muhtasari bado haujasainiwa. Shangazi ameniambia kwamba baba mkubwa amenuna, lakini ameulizia kama kikao kinaweza kufanyika baada ya palizi. Shangazi anasema kuulizia siku ni dalili nzuri, yeye anamjua kaka yake. Mchumba wangu nimemweleza ile nusu iliyobaki, na alininunia siku mbili, haki yake.

Kuhusu ngome, wanaotaka kujua: Baraza lililokuwa linatawala mpaka wa Wales kutoka pale lilivunjwa mwaka 1689. Watu wakahama, risasi iliyoezekea mapaa ikaondolewa, mvua ikaingia, sakafu zikaoza, na karne mbili tatu zilizofuata zikamalizia kazi. Hakuna jeshi lililoiangusha Ludlow mpaka ikawa gofu. Iliachwa tu, watu wakawa wanasema watairudia.

Mkipata nafasi mwende. Vaeni glovu. Na kama kuna mtu nyumbani anasubiri jibu lenu, mpigieni kabla ya kupanda treni.